Klachi Inayoteleza: Kinachotengenezeka Nyumbani na Kinachohitaji Fundi

Mazungumzo kwa wakazi wa Igogwe na vijiji jirani



Wilaya ya Rungwe ni nchi ya milima. Barabara kuu inayotoka Uyole hupanda safu ya Uporoto, hupita Kiwira na Tukuyu, kisha huporomoka hadi tambarare ya Kyela na mpaka wa Kasumulu. Kati ya mji wa Tukuyu na ufuko wa Ziwa Nyasa kuna tofauti ya kimo ya takriban mita 1,000. Nje ya lami zipo njia za udongo za vijijini, ambazo wakati wa mvua hugeuka utelezi mtupu, na mvua ya Rungwe, kama kila mkazi ajuavyo, haina haraka ya kuondoka. Gari linalobeba viazi, ndizi, maziwa au parachichi katika mazingira haya hufanya kazi ngumu kila siku, na kifaa kimojawapo kinachoumia mapema kuliko vingine ni klachi.

Klachi inapoanza kuteleza, wenye magari wengi huangukia katika moja ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kupuuza. Gari bado linatembea, kwa hiyo linaachwa liendelee, mpaka siku linapobeba mama mjamzito kwenda hospitali usiku na kukataa kupanda kilima. Kosa la pili ni haraka. Mtu husikia injini ikilia bila gari kwenda, husema "klachi imekwisha", na giaboksi hushushwa siku hiyo hiyo, wakati pengine ugonjwa wote ulikuwa waya uliokazwa kupita kiasi na dawa yake ilikuwa spana mbili na nusu saa ya kazi. Makosa yote mawili huila fedha ya kaya, ijapokuwa la kwanza linaweza kula na uhai.

Kabla ya kutibu ni vema kujua kiungo chenyewe. Injini inapozunguka huzungusha gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Mbele ya gurudumu hilo hukaa klachi pleti, yaani sahani nyembamba iliyovikwa pande zote mbili ngozi ngumu ya kukamatia. Nyuma yake ipo presha pleti, ambayo kwa nguvu ya springi huibana sahani ile dhidi ya flaiwili. Ikibanwa vizuri, vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja na nguvu ya injini hufika kwenye giaboksi na magurudumu. Dereva akikanyaga pedeli, beringi ya klachi husukuma vidole vya springi, sahani huachiwa, na gia hubadilishwa bila kupigana.

Kutokana na maelezo hayo, mambo mawili yatofautishwe, maana dawa zake hupingana. Klachi inayoteleza ni ile isiyoshika: pedeli imeachiwa kabisa, lakini sahani haikubanwa ipasavyo. Klachi isiyoachia ni kinyume chake: pedeli imekanyagwa hadi chini, lakini sahani bado imeshikwa. Isiyoachia hujulikana kwa gia zinazolia zinapoingizwa, hasa rivasi, na kwa gari linalotaka kusogea ilhali pedeli iko chini. Upepo katika mafuta ya klachi, upungufu wa mafuta hayo, au waya uliolegea husababisha kutokuachia, hayasababishi kuteleza. Kwa hiyo fundi anayeanza kutoa upepo kwenye klachi inayoteleza anatibu ugonjwa ambao gari halina, na anayekaza waya wake anauongeza.

Dalili za kuteleza huanza kwa unyenyekevu. Kwanza huonekana kwenye gia kubwa na mlimani, kwa sababu hapo ndipo nguvu nyingi hupitishwa. Dereva akiwa kwenye gia namba nne akanyaga mafuta, sauti ya injini hupanda, mshale wa mizunguko huruka, lakini kasi ya gari hubaki palepale au huongezeka kwa uvivu. Baadaye huja harufu kali inayofanana na ya breki zilizoungua. Hali ikiendelea, hata gia namba mbili huteleza, na gari huanza kunywa mafuta mengi kuliko ilivyozoeleka. Pedeli nayo hutoa habari. Katika magari mengi yenye waya, kadiri sahani inavyolika ndivyo mahali pa kushikia panavyopanda juu, mpaka klachi inakamata wakati mguu umekaribia kuiachia pedeli kabisa.

Yapo majaribio mawili ya kuthibitisha. La kwanza hufanyika barabarani, mahali palipo wazi na penye mwinuko mdogo. Gari likiwa na mwendo wa kilomita 40 hadi 50 kwa saa kwenye gia namba tatu au nne, dereva akanyage mafuta kwa ghafla na kusikiliza. Injini ikipanda na gari likapanda nayo, klachi ni nzima. Injini ikikimbia peke yake, klachi inateleza. Jaribio hili lirudiwe gari likiwa limepoa na tena likiwa limepata moto, kwa sababu klachi inayoshika asubuhi na kuteleza mchana inazungumza habari ya pekee, ambayo itaelezwa mbele.

Jaribio la pili hufanyika gari likiwa limesimama kwenye tambarare. Magurudumu yawekewe kabari au mawe makubwa, breki ya mkono ivutwe hadi mwisho, na pasiwe na mtu wala mtoto mbele au nyuma ya gari. Dereva akanyage klachi, aingize gia namba tatu, apandishe mzunguko wa injini kidogo, kisha aachie pedeli polepole. Injini inapaswa kulemewa na kuzima. Ikiendelea kuunguruma na pedeli imeachiwa yote, hapana shaka tena. Jaribio hili lifanywe mara moja, au mbili kwa mwenye mashaka, maana kila mara linapofanyika sahani inaungua zaidi.

Baada ya kuthibitisha, kazi ya nyumbani huanzia juu, kwenye pedeli, wala haianzii chini ya gari. Zulia la sakafuni liondolewe. Zulia nene lililokunjamana, au kipande cha kitambaa kilichotandikwa kuzuia tope, huweza kuzuia mwendo wa pedeli. Springi ya kurudishia pedeli itazamwe kama ingalipo. Hayo yakishakamilika, upimwe ulegevu wa pedeli, yaani ule mwendo wa mwanzo ambao pedeli hushuka kwa kidole bila upinzani, kabla ya kuanza kuwa nzito. Kwa magari madogo mengi ulegevu huo huwa kati ya milimita 5 na 25. Kipimo sahihi cha kila gari kimeandikwa kwenye kitabu chake, na kitabu hicho ndicho kifuatwe. Rula ya mwanafunzi inatosha kwa kazi hii. Ikisimamishwa sakafuni kando ya pedeli, tofauti husomwa mara moja.

Pedeli ikikosa ulegevu kabisa, chanzo kimepatikana au kimekaribia kupatikana. Maana yake ni kwamba beringi inagusa vidole vya springi muda wote na kuvisukuma kidogo, sawa na dereva aliyesahau mguu wake juu ya klachi safari nzima. Katika gari la waya, mwenye gari autafute mwisho wa waya huo, aidha upande wa pedeli au upande wa giaboksi, penye nati mbili zilizokabiliana. Moja ni ya kurekebishia, nyingine ni ya kufungia. Nati ya kufungia ilegezwe kwanza, kisha ile ya kurekebishia izungushwe kidogo kidogo kuelekea upande wa kulegeza, na pedeli ipimwe tena kila baada ya mzunguko mmoja au miwili. Kipimo kikifikiwa, nati ya kufungia ikazwe vema, pedeli ikanyagwe mara kumi hivi, na kipimo kirudiwe. Mara nyingi hubadilika kidogo baada ya waya kukaa mahali pake.

Waya wenyewe ukaguliwe urefu wote. Nyuzi zilizochanika, ganda lililoyeyuka kwa kukaa karibu na bomba la moshi, au kutu iliyoingia ndani huufanya ukwame na usirudi. Waya unaokwama haurekebishwi. Hubadilishwa, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na klachi ambayo utaiunguza ukiachwa.

Magari mengi yaliyomo wilayani, hasa pikapu na mabasi madogo, hayatumii waya bali mafuta ya breki, yakiwa na masta ya juu karibu na pedeli na masta ya chini kwenye giaboksi. Hapa ndipo habari ya klachi inayoteleza ikipata moto inapohitaji umakini. Ndani ya masta ya juu kuna tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kopo. Endapo fimbo ya pedeli imerekebishwa vibaya ikawa ndefu, pistoni hairudi hadi mwisho, na tundu lile hubaki limezibwa. Injini inapopata moto, mafuta yaliyofungiwa hutanuka, hayana pa kwenda, nayo huisukuma masta ya chini kana kwamba mtu amekanyaga. Klachi huanza kuteleza. Gari likipoa, mafuta hunywea na klachi hushika tena. Wenye magari wasiojua siri hii hubadilisha klachi nzima, na baada ya wiki mbili ugonjwa hurudi ule ule.

Mpira wa kupitishia mafuta nao huweza kuvimba kwa ndani ukawa kama mlango wa upande mmoja: mafuta hupita yakisukumwa, lakini hayarudi. Vilevile zipo raba za ndani ya masta, ambazo huvimba zikikutana na mafuta yasiyo yao. Jambo hili lisisitizwe, kwa kuwa hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: kopo la klachi hujazwa mafuta ya breki peke yake, ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko chake. Oili ya injini, hata kiasi cha kijiko, huharibu raba za mfumo mzima, na kama kopo hilo linahudumia breki pia, hatari inahama kutoka kwenye klachi kwenda kwenye breki.

Namna ya kuchunguza ni hii. Gari likiwa limeanza kuteleza kwa sababu ya moto, liegeshwe kwenye tambarare, injini izimwe na kabari ziwekwe. Bila mtu kugusa pedeli, skrubu ya kutolea upepo iliyopo kwenye masta ya chini ilegezwe kidogo, huku ikiwa imefunikwa kitambaa, maana mafuta ya breki huumiza macho na kubabua rangi ya gari. Mafuta yakiruka kwa nguvu, na baada ya hapo klachi ikashika, basi shinikizo lilikuwa limefungiwa na sahani haina kosa. Safari nyingine gari likiteleza tena, kilegezwe kiungo cha bomba pale kwenye masta ya juu. Shinikizo likitokea hapo na klachi ikashika, kosa liko kwenye masta ya juu au fimbo ya pedeli. Lisipotokea hapo, bali likatokea chini tu, mpira ndio ulioziba. Kurekebisha fimbo ya pedeli ni kazi ya nyumbani inayofanana na ile ya waya, ingawa hufanywa mtu akiwa amejikunja chini ya usukani. Kila kiungo kilichofunguliwa kifungwe sawasawa, upepo utolewe, na kiwango cha mafuta kikaguliwe kabla gari halijatoka uani.

Ulegevu ukiwa sahihi, waya ukiwa huru, mafuta yakiwa yanarudi, na klachi bado inateleza, ugonjwa uko ndani ya nyumba ya klachi. Kabla ya kushusha chochote, mwenye gari atazame chini, pale injini inapoungana na giaboksi. Tone la mafuta mahali hapo lina maana kubwa. Likiwa jeusi na jepesi, ni oili ya injini, na sili ya nyuma ya kranki inavuja. Likiwa zito na lenye harufu inayofanana na kiberiti, ni oili ya giaboksi, na sili ya shafti yake ndiyo mbovu. Sahani iliyonyonya oili haifufuki. Wapo wanaoiosha kwa petroli na wapo wanaoichoma moto ili oili itoke. Hushika siku mbili, kisha oili iliyozama ndani ya ngozi hutokeza tena kwa joto. Kubadilisha sahani bila kubadilisha sili nako ni kuandaa ugonjwa wa mwezi ujao.

Je, giaboksi inaweza kushushwa nyumbani? Inaweza, kwa mwenye zana, msaidizi na sakafu ngumu. Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi Igogwe. Udongo wetu wa volkano ukishiba maji ni laini, na jeki iliyosimamishwa juu yake huzama upande mmoja bila taarifa. Chini ya jeki na chini ya stendi uwekwe ubao mnene na mpana. Gari likalie stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, na hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tofali, la kuchoma au la saruji, halifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa hupasuka ghafla. Giaboksi ya pikapu ni mzigo ambao mtu mmoja hauwezi akiwa amelala chali. Pasipo mambo hayo, busara ni kumpelekea fundi na kutunza mikono na kifua.

Atakayeifanya mwenyewe, au atakayesimama kando wakati fundi akiifanya, ajue mambo machache ya kuangalia. Waya wa hasi wa betri uondolewe kwanza. Vumbi la klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu ngozi za klachi za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Sahani ya zamani ipimwe kina cha ripiti: zikibaki chini ya milimita 0.3 kufikia uso wa ngozi, maisha yake yamekwisha, kwa kuwa muda si mrefu vichwa vya ripiti vitaanza kuchimba flaiwili. Uso wa flaiwili ukiwa na madoa ya buluu na nyufa ndogo, umepata joto la kupita kiasi, nao upelekwe kwa mchongaji ukasawazishwe au ubadilishwe. Sahani mpya ina upande wake wa mbele na wa nyuma. Ikigeuzwa, kazi yote hurudiwa. Inapofungwa, iwekwe katikati kwa kifaa cha kulinganishia, na bolti za presha pleti zikazwe kwa zamu za kukabiliana, kidogo kidogo, ili isipinde. Mikono yenye grisi isiguse ngozi ya sahani.

Kuhusu vipuri, hapa si mahali pa kubania. Sahani, presha pleti na beringi vibadilishwe pamoja, na sili zinazovuja zibadilishwe siku hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya gharama ni kazi ya kushusha na kupandisha giaboksi, nayo hulipwa tena yote endapo beringi ya shilingi chache itaanza kulia miezi miwili baadaye. Mteja ana haki ya kumwomba fundi amwoneshe vipuri vilivyotoka, na fundi mwaminifu huvionesha kabla ya kuombwa. Sahani iliyolika sawasawa pande zote inasema imezeeka. Iliyoungua na kupasuka ilhali bado ni nene inamsema dereva, na hapo fundi hana la kulaumiwa. Tukiwa kwenye mafundi: vijana wengi wa gereji za Kiwira na Tukuyu wamejifunza kazi mikononi mwa kaka zao bila cheti, na miongoni mwao wamo hodari kweli. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa aina hiyo, na mwenye gereji anayewapeleka vijana wake huko anafanya jambo la maana kwa wateja wake pia.

Dereva ndiye anayeua klachi nyingi za Rungwe. Kusimama kwenye kilima kwa kuchezesha klachi na mafuta badala ya kuvuta breki ya mkono huunguza sahani kwa dakika chache kuliko safari ya kutwa nzima. Kupumzisha mguu juu ya pedeli kuna madhara yale yale, ila hufanyika polepole. Kisha upo mzigo. Mwenye pikapu ya tani moja akipakia magunia 10 ya viazi huamini amepakia tani moja. Ikiwa kila gunia limefungwa lumbesa na lina kilo 130, amepakia kilo 1,300 kabla ya kuhesabu vibarua waliokaa juu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na mkulima anayepunjwa na lumbesa hajui kwamba mwenye gari naye anapunjwa, maana nauli huhesabiwa kwa magunia ilhali klachi huhesabu kilo.

Waendesha bodaboda wasidhani habari hii haiwahusu. Klachi ya pikipiki nyingi huzama ndani ya oili ya injini, kwa hiyo oili yenyewe ni sehemu ya klachi. Oili ya magari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Inayofaa ni ile ya pikipiki, ambayo kopo lake huwa na alama ya JASO MA. Ulegevu wa mkono wa klachi uwe takriban milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake. Kurekebisha ni kazi ya dakika tano, na wengi huifanya vizuri, ingawa wapo wanaoukaza waya mpaka mkono hauna mchezo wowote kwa kudhani ndio uimara.

Lipo swali la atakayepatwa njiani. Klachi ikianza kuteleza mlimani, kuongeza mafuta hakusaidii. Nguvu ya ziada yote hugeuka joto. Dereva apunguze mafuta, ashuke gia ya chini, na aendeshe taratibu. Harufu ya kuungua ikitokea, asimame mahali panapoonekana, aweke pembetatu za tahadhari na kabari, kisha asubiri klachi ipoe kwa nusu saa au zaidi. Abiria na mzigo vipunguzwe kabla ya kujaribu tena. Gari la namna hiyo lisipewe safari ya kushuka Kyela likiwa limepakia. Anayeshuka mteremko mrefu hutegemea injini isaidie kulizuia gari, na injini huweza kufanya hivyo kwa kupitia klachi tu. Klachi ikishindwa kushika, uzito wote wa gari huangukia breki, nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu.

Klachi mpya nayo hutaka kuzoeshwa. Katika kilomita mia chache za mwanzo isipewe mizigo mizito wala mbio za mlimani, mpaka sahani na flaiwili vipatane uso kwa uso. Katika gari la waya ulegevu wa pedeli upimwe tena baada ya muda huo, kwa sababu hubadilika.

Oili iliyotolewa kwenye giaboksi na mafuta ya breki yaliyotumika yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko, kila moja peke yake, na kupelekwa kwenye gereji inayokusanya oili chafu. Visimwagwe kwenye mtaro wala chini ya migomba. Maji ya mitaro huishia mitoni, watu huyachota na ng'ombe huyanywa, na yanayobaki huchukuliwa na mito kama Kiwira hadi Ziwa Nyasa. Matambara yaliyofuta vumbi la klachi yafungwe kwenye mfuko yakiwa bado mabichi, na watoto wasiachiwe sahani ya zamani kuwa gurudumu la kuchezea.